Mvua ya Kichupani, Biriani ya Sigara

Wifi yangu anayeishi Columbus, Ohio, hutuma zawadi ndogo na maelezo makubwa. Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Akampa msafiri boksi la kuenea kiganjani, kisha akatutumia ujumbe wa sauti mrefu ambao nyumba nzima iliusikiliza baada ya futari, bakuli za uji zikiwa bado mkononi. Boksini mlikuwa na vichupa vyembamba vya kioo, kila kimoja kimefungwa kitambaa na kubandikwa karatasi yenye jina refu la Kizungu. Yalikuwa mafuta ya manukato.

“Hayana spiriti,” wifi alieleza. “Mama ajipake, asali, asiwe na wasiwasi.”

Hapo alikuwa amelenga. Manukato mengi ya dukani huchanganywa na spiriti, nayo ikigusa ngozi huruka papo hapo na kuibeba harufu mbele, ukafika wewe baadaye. Mafuta hayana haraka hiyo. Hukaa ngozini yakingoja joto la mwili, na mtu akitaka kukunusa lazima asogee. Marekani wapo mafundi wadogo wanaoyachanganya wenyewe, mbali na makampuni makubwa. Black Phoenix Alchemy Lab, iliyoanza Los Angeles mwaka 2002, ni miongoni mwa waliolieneza jambo hilo. Vichupa vyetu vilitoka kwa wengine, wasio na jina kubwa, wanaotumia mafuta ya nazi yaliyochujwa hadi yakawa hayagandi, au mafuta ya jojoba, kisha wakatia humo chochote walichokiota usiku. Ndipo tofauti yao na wauza manukato wengine inapoanza. Wao hawataki unukie vizuri tu. Wanataka unukie maktaba ya zamani, moto wa kuni msituni, keki iliyotoka jikoni, mvua.

Sasa weka mambo hayo Michenzani. Tunakaa kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ambako ngazi moja hupandwa na kushukwa na familia nyingi. Ukikaanga papa ghorofa ya pili, wa ghorofa ya nne anajua, na ukimnyima anajua pia. Harufu kwetu ni habari.

Na mhariri wa habari hizo ni Bi Mkubwa, mama yake mume wangu. Chini ya kitanda chake kuna sanduku dogo ambalo hakuna mkwe aliyewahi kupewa ufunguo wake. Humo mna vipande vya udi alivyoletewa kutoka Oman, chupa ya mawaridi, liwa, na haludi anayoichanganya mwenyewe kwa mafuta ya udi, sandali, miski na vitu vingine asivyovitaja. Akishachanganya huilaza gizani miezi kadhaa kabla ya kumruhusu mtu kuigusa. Kwa hiyo wifi aliposifu kwamba mafundi wale hutengeneza kidogo kidogo, kwa mkono, nyumbani kwao, Bi Mkubwa aliitazama simu kwa huruma.

“Na mie natengenezea wapi? Kiwandani?”

Akavinusa vichupa kimoja kimoja, akauliza vimelala muda gani, asipate jibu, akavisukuma kwetu. Hivyo ndivyo vilivyogawanywa. Binti yetu mkubwa alichukua cha keki. Mume wangu alivipitia vyote kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mitihani, akatia mfukoni kimoja bila kusema kitu. Mie nikachukua cha mvua.

Mvua ile ilistahili sifa zake. Niliipaka kwenye kifundo cha mkono mchana, nikiwa nimekaa na cherehani. Kwanza ikaja harufu ya mchanga wa uani uliomwagiwa maji saa sita, na ukali kidogo unaokwaruza nyuma ya pua. Baadaye ikatulia, ikawa mtungi mpya unaotiwa maji mara ya kwanza. Wifi alisema fundi wake huagiza mafuta hayo Kannauj, mji wa kaskazini mwa India ambao kazi yake tangu zamani ni manukato. Mafundi wa huko huuoka udongo, wakautia pamoja na maji katika masufuria makubwa ya shaba, wakawasha moto. Mvuke hupitia bomba la mwanzi hadi kwenye chombo chenye mafuta ya sandali, na sandali ndiyo inayoikamata harufu isitoroke. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walipoandika juu ya harufu ya mvua katika jarida la Nature mwaka 1964, walikuta watu wa Kannauj wameshaitia chupani zamani. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na jiosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe tu hewani.

Pua ya Bi Mkubwa iliinasa kutoka chumba cha pili, akiwa usingizini.

“Anueni nguo! Mvua hiyo!”

Sauti ile iliwahi kuamsha mtaa zaidi ya mara moja. Kabla sijafungua mdomo alishafika roshanini, mtandio begani, anavuta mashuka. Wa chini akasikia, akaanua. Wa upande wa pili wa ngazi akasikia, akaanua. Hata jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye ana desturi ya kutundika khanga zake zikiwa zinachuruzika juu ya nguo zetu zilizokauka, na ambaye haanui mpaka aombwe kwa heshima na kisha bila heshima, siku hiyo alizivuta ndani zote kwa mkupuo mmoja. Dakika chache baadaye majumba ya upande ule yalikuwa hayana hata soksi kwenye kamba.

Jua lilikuwa linawaka. Wingu hakuna. Watu wakasimama roshanini na mafungu ya nguo kifuani, wanatazama juu, kisha wanatazamana.

“Nimeisikia harufu,” Bi Mkubwa akasema, kwa sauti ya shahidi asiyekubali kuyumbishwa. Akageuka. Akaushika mkono wangu, akaunusa, akauachia. “Subhanallah. Mwanangu, umevaa masika?”

Siku hiyo alisema neno ambalo ningelihitaji baadaye kuelewa yaliyofuata. Alikuwa anakunja mashuka upya, ananung'unika. “Udi ukinukia, kuna jambo. Wageni, harusi, maulidi, mzazi ametoka arobaini. Haya yananukia, na jambo hakuna.”

Keki ilithibitisha neno hilo. Binti yetu aliipaka saa nane mchana, saa ambayo mwenye saumu huanza kuhesabu mistari ya dari. Harufu ile ilikuwa siagi, sukari inayoanza kuungua, na vanila nzito inayoingia kila pembe. Hakuna ajabu katika ufundi wake: vanilini iliundwa maabara tangu mwaka 1874 na Wajerumani Tiemann na Haarmann, na tangu hapo harufu ya keki haijahitaji keki. Lakini kitinda mimba wetu hakuwa na habari za maabara. Alikuwa anajizoeza kufunga, ameshavuka adhuhuri kwa heshima kubwa, na sasa nyumba inanukia keki ambayo watu wazima wameificha.

Akaanza upekuzi. Alifungua tanuri. Akapekua chini ya vitanda, nyuma ya pazia, ndani ya mashine ya kufulia. Akaja kwangu na macho yaliyojaa.

“Mama, ile keki ya Idd?”

“Hakuna keki, mwanangu.”

“Naisikia.”

“Ni dada yako.”

Akamtazama dada yake kwa muda. Jibu hilo lilimzidishia uchungu badala ya kuupunguza. Akakaa chini jikoni akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa na ukoo mzima. Wa ghorofa ya chini akatuma mtoto kuuliza kwa upole kama tunaoka kwa ajili ya kuuza, na kama tunapokea oda. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyaeleza mafuta yale hadi yakaeleweka, ilibidi usiku ule nioke keki ya kweli ili amani irudi. Haikunukia hata nusu ya ile ya kichupani, na mlaji wake alisema hivyo akiwa na kipande cha tatu mkononi.

Hayo mawili tungeyacheka na kuyasahau. Kile kichupa alichotia mfukoni mume wangu ndicho kilichotufikisha mbali.

Lazima mjue kwamba Mwalimu, kama anavyoitwa na mtaa mzima, aliacha sigara zamani, kabla ya mtoto wa kwanza. Aliiacha kwa heshima na hakuirudia. Ila harufu yake hakuacha kuipenda. Akikutana na mvutaji njiani hupunguza mwendo. Na kichupa chake kilikuwa cha tumbaku, ngozi na moshi, moshi wenyewe ukitokana na lami ya magome ya mti wa birch, ambayo Warusi waliitumia zamani katika kutengeneza ngozi. Kwenye mkono wangu mafuta hayo yalinukia kiatu kipya kilichosahauliwa karibu na jiko. Kwa Bi Mkubwa yalikuwa kamba ya jahazi. Kwa Mwalimu, sijui ni jasho au ni historia, tumbaku ilijitokeza peke yake, kavu na tamu, na vingine vyote vikajificha.

Akaipaka mchana, Ramadhani, akaenda kusali Alasiri.

Safu za msikitini husimamishwa bega kwa bega, na mafuta, kama nilivyosema, humngoja anayesogea. Mzee wa upande wa kulia alivuta pumzi mara moja, akavuta ya pili. Baada ya salamu akampa mkono Mwalimu, akaukamata kuliko kawaida.

“Mwalimu. Na mwezi huu?”

“Mwezi mtukufu, mzee,” Mwalimu akajibu, akidhani anapongezwa.

Habari zilipanda ngazi kabla yake. Nilimkuta Bi Mkubwa mlangoni na jirani wa ghorofa ya tatu, aliyekuja kutoa pole kwa sauti iliyotosha kusikika ghorofa zote.

“Usivunjike moyo, Bi Mkubwa. Shetani humpitia kila mtu.”

“Mashetani si yamefungwa mwezi huu?” Bi Mkubwa akamuuliza. “Yamefungwa. Midomo ndiyo iliyofunguliwa.” Akafunga mlango.

Ndani, lakini, alimgeukia mwanawe. Mwalimu akaapa kwamba ni mafuta. Alikuwa ameyaosha kabla ya kupanda, akasema, pale kwenye bomba la msikitini, akayasugua mpaka mkono ukawaka. Lakini maji peke yake hayayaondoi mafuta. Huteleza juu yake yakaenda zao. Ilihitajika sabuni, au kuyafuta kwanza kwa mafuta mengine yasiyo na harufu. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamfuta kwa kitambaa, nikampa sabuni ya kipande. Tumbaku ikapungua. Uvumi haukupungua. Siku zilizofuata kila akipita barazani watu walimwitikia salamu kwa upole wa kumwonea huruma, na kijana mmoja alimwambia pembeni kwamba yupo shekhe anayesaidia watu wenye tatizo hilo.

Kwa hasira akakificha kichupa mahali ambapo watoto hawatakifikia wala yeye hatakiona: rafu ya juu ya kabati la vyakula, nyuma ya kopo la samli. Hakuna aliyejua. Kizibo chake kilikuwa kimelegea, na kopo la samli, lililoagizwa Pemba kwa ajili ya biriani ya Idd, lilikuwa limefunikwa kwa sahani.

Mafuta ya wanyama ni mwanafunzi mwema: harufu yoyote inayopita karibu yake hujifunza. Wafaransa wa Grasse walijenga biashara kubwa juu ya tabia hiyo. Walipaka shahamu kwenye vioo, wakatandaza asumini juu yake, wakabadilisha maua kila yaliponyauka, mpaka shahamu ikawa asumini kabisa. Kisha wakaitoa harufu humo kwa spiriti. Kabati letu lilifanya kazi ileile kimyakimya, bila asumini. Usiku baada ya usiku, samli ya Pemba ilikuwa inajifunza kuvuta sigara.

Mnaweza kuuliza vipi mpishi asisikie. Asubuhi ya Idd nyumbani kwetu hakisikiki kitu zaidi ya udi. Bi Mkubwa huamka alfajiri, akawasha chetezo, akafukiza kanzu, mabuibui, mapazia na wajukuu. Pua ikishakaa katika harufu moja muda mrefu huacha kuhesabu. Nilichemsha mchele, nikatia zafarani, nikaumwagia samli kwa mkono mkunjufu wa sikukuu, nikafunika chungu na kupalia makaa juu ya kifuniko. Masala ya nyama yalikuwa kwenye sufuria yake, yamekaangwa kwa mafuta ya kawaida. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuokoa.

Wageni walifika baada ya sala: ndugu, walimu wenzake, na yule mzee wa upande wa kulia, ambaye Mwalimu alimwalika kwa makusudi ili aone nyumba ya mtu mwema ilivyo. Watoto walikuwa wamevaa tayari, wanahesabu pesa za sikukuu. Sinia zikatandazwa. Nikakileta chungu, nikafunua.

Moshi wa biriani ukapanda, na ndani yake, wazi kabisa, mtu alikuwa anavuta sigara.

Hakuna aliyesema. Mzee akamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mie. Mwalimu mwenzake mmoja akajikohoza. Kwa mawazo ya wale wageni mambo yalikuwa yamejipanga vizuri sana: huyu bwana havuti kwa siri tena, sasa anavutia jikoni, juu ya chakula cha watu.

Bi Mkubwa ndiye aliyeinuka. Aliinamia chungu, akavuta pumzi ndefu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Tulisikia vifuniko vikifunguliwa. Alinusa sukari, akaiweka. Alinusa unga, akauweka. Alinusa samli, akatulia. Mkono wake ukaenda nyuma ya kopo ukatoka na kichupa. Yeye hakuhitaji kuambiwa habari za Grasse. Tangu usichana wake huloweka asumini katika mafuta ya nazi ya nywele, na anajua mafuta hayachagui mwalimu.

“Samli imelala na tumbaku,” akatangaza.

Kisha akafanya mahakama. Alipita kwa wageni wanaume kwa wanawake, akimtia kila mmoja tone mgongoni mwa mkono, kama anavyofanya kwa haludi siku ya harusi. “Nuseni. Nuseni vizuri. Hiki ndicho mlichomsemea mwanangu mwezi mzima.”

Wakanusa. Mzee wa upande wa kulia alinusa mkono wake, akanusa mkono wa jirani yake, akarudi kwenye wake. Akasema “La haula,” akanyanyuka, akamkumbatia Mwalimu mbele ya watu, akamwomba radhi kwa jina la Idd. Wote wakaomba. Mwalimu alisamehe kwa ukarimu, lakini polepole, ili kila mmoja apate zamu.

Wali ule haukulika. Ulitoka, na samli yake ikaenda nao. Masala tuliyala kwa mikate ya boflo iliyonunuliwa mbio, na nilisikia wageni wawili wakisema ni afadhali hivyo, kwani biriani inatia uzito. Mzee aliuliza kwa chinichini mafuta yale yanauzwa wapi. Jioni alipiga simu. Mkewe alitaka kuzungumza na Bi Mkubwa, amthibitishie kwamba mumewe amekula Idd kwetu, na kwamba mkono wake unanukia hivyo kwa sababu zinazoeleweka.

Usiku wa pili wa Idd familia ikakaa na kupitisha sheria. Kichupa chochote hakitalala tena katika kabati la chakula. Keki haitavaliwa ila baada ya Maghribi, na Ramadhani haitavaliwa kabisa. Mwalimu ataruhusiwa tumbaku yake, mradi atembee na kichupa mfukoni awe na ushahidi. Mwenye kuvaa mvua atangaze kwanza ngazini.

Wifi naye akapiga kutoka Columbus kutaka maoni. Alitaka ya Mama hasa, fundi wake angefurahi kuyasikia. Bi Mkubwa aliomba simu, akaiweka mbele ya mdomo kama watu wa redioni wanavyoshika kipaza sauti, akasema:

“Mwanangu, zimefika, ahsante. Keki yako ya uongo, imeliza mtoto. Tumbaku imemtia kaka yako aibuni, lakini anaipenda, basi. Hazijalala vya kutosha, mwambie fundi wako azipe muda gizani. Ila mvua, mvua ni kazi ya watu wenye akili. Niletee chupa mbili. Moja yangu. Ya pili nitaipaka kwenye nguzo ya ngazi, ghorofa ya tatu, maana miaka yote niliyokaa hapa sijaona dawa nyingine ya kumfanya yule mwenzetu aanue khanga zake.”